Mtihani Wapima Nini?

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne hutangazwa mwanzoni mwa mwaka, na kwa siku mbili tatu nchi nzima huzungumza habari moja tu. Mzazi mwenye simu hutafuta namba ya mtoto wake. Asiye nayo humwomba jirani. Mwisho hutolewa neno moja: daraja la kwanza, la pili, la tatu, la nne, au sifuri. Neno hilo huamua kama ng'ombe atauzwa au atabaki zizini, na pengine huamua baba na mwana watasemezana vipi mwaka mzima unaofuata. Twadhani si vibaya, wasomaji wapenzi, kuuliza swali ambalo siku hizo hakuna mwenye nafasi ya kuliuliza. Mtihani ule wapima nini hasa? Na wale wanaoutunga, kwa haki gani husema kwamba kijana huyu yu tayari kwa masomo ya juu au kwa kazi, na yule hayuko tayari?

Katika biashara jambo hili hatulioni gumu. Mizani ya duka hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kupigwa chapa, na gunia la lumbesa limepigwa marufuku, kwa sababu mkulima apunjwaye kwa kipimo ameibiwa, hata kama aliyempunja alisema naye kwa upole na kumpa stakabadhi. Mkulima huyo hupoteza sehemu ya mavuno ya msimu mmoja. Kijana apunjwaye na mtihani hupoteza zaidi ya hapo. Lakini matokeo yakitoka, sisi sote humtazama aliyepimwa. Ni wachache mno wanaogeuka kuitazama mizani.

Tuchukue jambo lililotokea mbele ya macho ya wengi wetu. Mwezi wa Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya mtihani wa mwaka 2012, na vijana zaidi ya 240,000 wakapata sifuri, yaani zaidi ya nusu ya wote. Pakawa kilio. Waziri Mkuu wa wakati ule, Bwana Mizengo Pinda, akaunda tume. Mwezi wa Mei Serikali ikalieleza Bunge kwamba katika kupanga matokeo hayo Baraza la Mitihani lilikuwa limetumia utaratibu mpya wa viwango vya alama, bila wahusika kushirikishwa vya kutosha. Kwa hiyo matokeo yafutwe, yakapangwe upya kwa utaratibu uliotumika mwaka 2011. Yalipotangazwa mara ya pili, waliopata sifuri walikuwa kama 211,000.

Hebu tuyafikiri hayo kwa utulivu. Vijana wapatao 30,000 walikuwa wameshindwa, kisha wakawa wamefaulu. Hakuna hata mmoja wao aliyerudi katika chumba cha mtihani. Hakuna aliyeongeza neno wala kufuta kosa. Karatasi ni zilezile, majibu ni yaleyale, na kama kulikuwa na ujinga ndani yao basi ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kanuni ya watu wazima waliokaa mezani.

Wako waliosema kwamba hayo yaonyesha mitihani yote ni ulaghai. Sisi hatusemi hivyo. Twasema kwamba siku zile nchi iliona waziwazi jambo ambalo hufichika miaka mingine: alama ni hesabu, lakini daraja ni hukumu. Maji yakichemka, yachemka kwa sheria ya maumbile, na atakayeweka kipimajoto ndani yake ataisoma tu. Mpaka wa kufaulu haumo katika maumbile. Watu huuchora. Hakuna aibu watu kuuchora, maana nani mwingine angeuchora? Aibu ni kuuchora kisha kuwaambia watoto kwamba tumeukuta pale.

Na mpaka huo haukutulia baada ya hapo. Kwa viwango vilivyotangazwa mwishoni mwa mwaka 2013, alama 40 ilitosha kupata C. Mwaka 2014 madaraja yakawekwa kando, ukaletwa wastani wa pointi. Mwanzoni mwa mwaka 2016 madaraja yakarudishwa. Kwa viwango vinavyotumika sasa C huanza kwenye alama 45. Basi kijana mwenye alama 42 katika Historia alikuwa na C wakati mmoja, na wakati mwingine ana D. Tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa C tatu ndiyo hodi ya mlango wa kidato cha tano. Pengine kila badiliko lilikuwa na sababu yake njema. Hatukumbuki tu kuwa sababu hizo ziliwahi kuelezwa kwa maneno ambayo mzazi wa kawaida angeweza kuyafuata, akajua kwa nini ndugu wawili, mkubwa na mdogo, wenye alama sawa, hawana cheti sawa.

Mpaka uchorwe wapi, basi? Ziko njia mbili, nazo huchanganywa mara nyingi. Njia ya kwanza ni kuhesabu nafasi. Kama madawati ya kidato cha tano ni kadha, huwapanga watahiniwa wote toka wa juu mpaka wa chini, ukakata pale madawati yanapokwisha. Ni njia ya lazima katika nchi isiyo na madawati ya kutosha, wala hatuilaumu. Ila ijulikane yasema nini. Yasema habari za madawati. Kijana aliyebaki nje ya mstari huo ameambiwa kwamba wengine walimtangulia. Hajaambiwa kwamba hawezi.

Njia ya pili ni kuitazama kazi yenyewe. Mwulize mwalimu wa Fizikia wa kidato cha tano: siku ya kwanza darasani kwako, mwanafunzi sharti ajue nini ili asipotee? Mwulize fundi: mwanagenzi akiingia karakanani mwako, sharti aweze nini ili asiharibu mbao wala asijikate vidole? Kisha walimu waliokomaa hukaa pamoja na karatasi ya mtihani, na kwa kila swali hujiuliza: miongoni mwa vijana kumi walio tayari kwa tabu, wale wa mwisho kabisa ambao bado tungewapokea, ni wangapi wangelijibu hili? Makadirio hayo hujumlishwa, na hapo ndipo mpaka hupatikana. Watunzi wa mitihani wa mataifa mengi wameijua njia hii kwa zaidi ya miaka hamsini. Haina uhakika wa kimalaika. Walimu hubishana, na wengine huwa wakali kwa sababu wao wenyewe walifundishwa kwa ukali. Lakini ina unyofu, maana imesema kabla ya kupima kwamba twapima hiki na kwa ajili ya hiki, na yeyote awezaye kuuliza ataonyeshwa.

Tena njia hiyo ya pili yadai jambo jingine ambalo wengi hulisahau, nalo ni kuwafuata wale waliopimwa. Mtihani uliosema kijana yu tayari umetoa ahadi. Ahadi hiyo yaweza kukaguliwa baada ya mwaka mmoja au miwili: je, alikwenda chuoni akaweza? Na yule aliyezuiwa, akapita njia ya pembeni, akarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, yuko wapi sasa? Kama wengi wa waliozuiwa wanafanya vizuri kule walikofika, na wengi wa waliopitishwa wanayumba, kosa halikuwa la watoto.

Twende sasa ndani ya karatasi yenyewe. Mtoto wa shule ya Serikali husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza hutakiwa kuyajua mambo yote kwa Kiingereza. Baada ya miaka minne huulizwa katika Baiolojia kwa nini mmea uliofunikwa gizani hugeuka rangi ya njano. Huenda anajua sana. Ameona nyasi zilizolala chini ya debe nyuma ya nyumba yao, na mwalimu alimweleza sababu, naye akaelewa. Akiulizwa kwa Kiswahili atasema mpaka umnyamazishe. Lakini hapa sharti aseme kwa lugha ambayo nje ya darasa haisikii, na maneno yanamkataa. Msahihishaji ataweka sifuri kando ya swali hilo, na sifuri hiyo itaandikwa katika safu ya Baiolojia.

Hatutaki kuingia leo katika mjadala wa lugha ya kufundishia, ambao ni mkubwa kuliko ukurasa huu. Neno letu ni dogo zaidi. Kama Kiingereza ni cha lazima kwa kidato cha tano, na twakubali kwamba kwa sasa ni cha lazima, basi kipimwe mahali pake, kwa jina lake, na mtoto aambiwe: Kiingereza chako hakitoshi. Akiambiwa kwamba hajui Baiolojia, hapo ameambiwa uongo. Muuza nyama akiweka kidole juu ya mizani twamwita mwizi, hata kama hana habari kwamba kidole chake kipo pale.

Halafu kuna habari ya maabara. Kwa miaka mingi shule zisizo na maabara ziliruhusiwa kufanya karatasi mbadala wa vitendo. Mtahiniwa alieleza kwa kalamu jaribio ambalo pengine hakuwahi kulifanya, kwa vyombo ambavyo alivijua kwa picha tu. Ilikuwa huruma, na huruma hiyo ilikuwa na maana yake, kwa kuwa vinginevyo shule hizo zisingefanya mtihani kabisa. Hata hivyo cheti hakikusema habari hiyo. Chuo kilipokea vijana wawili wenye herufi moja katika Kemia, mmoja amekwisha kuunguza vidole vyake kwa tindikali, mwingine hajawahi kushika mrija wa kioo.

Jambo la kupima kitu kingine badala ya kile tukitakacho halikuanza jana, na wazee wetu walilihangaikia. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliona kwamba mitihani tuliyorithi yapima uwezo wa kushika mambo na kuyatoa yanapotakiwa, bila kupima akili ya kufikiri wala moyo wa kuwatumikia wenzake. Mwaka 1971 nchi ikajitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na kwa sheria ya mwaka 1973 ikaunda Baraza lake. Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma: kijana wa kidato cha sita asiende moja kwa moja chuo kikuu, kwanza akafanye kazi, na wale aliofanya kazi nao waseme alivyo. Wakati uleule maendeleo ya darasani, kazi za mikono na mwenendo vikaanza kuhesabiwa katika tuzo ya mwisho.

Utaratibu wa Musoma haukudumu. Ulikuwa na shida zake, na taifa lililohitaji wahandisi na waganga halikuweza kuwangojesha. Hata hivyo twaona ulikuwa na nusu moja ya hekima na nusu moja ya hatari. Hekima ilikuwa kuifanya kazi yenyewe kuwa shahidi. Aliyekaa miaka miwili katika ghala la ushirika, akapokea pamba na kuandika vitabu visivyo na upungufu, amejibu swali ambalo karatasi haiwezi kuliuliza. Hatari ilikuwa katika kuutoza mwenendo alama. Mwanafunzi akijua kwamba utii wake una alama, hatajifunza utii. Atajifunza kuonekana mtiifu. Mwenye kufagia kwa bidii mbele ya mwalimu wa zamu si lazima awe mfagiaji mzuri. Naye mwalimu amepewa silaha ambayo si wote wangeistahili. Unyofu wa mtu haukuwekewa mizani hapa duniani, na afadhali watunzi wa mitihani wajue mahali pa kusimama.

Baada ya kusema hayo yote, yatubidi tumtetee mshtakiwa. Mtihani wa taifa una adui wengi, na wengine wao huupinga kwa sababu zisizo njema. Karatasi ya mtihani haina jina, ina namba. Msahihishaji wa Dodoma au wa Mbeya hajui kama namba hiyo ni mtoto wa mkuu wa wilaya au wa mjane auzaye vitumbua. Uondoe mtihani, useme kila shule imtaje mwenyewe aliye tayari, kila chuo kichague kwa kumtazama mtu uso, na utaona ni nani watakaochaguliwa. Watakuwa watoto wa watu wanaojuana. Alama za shuleni peke yake hazitoshi, si kwa sababu walimu ni wadanganyifu, ila kwa sababu insha ipewayo 80 katika shule moja hupewa 50 katika shule ya pili, na kila mwalimu amesema kweli kwa kadiri ya darasa alionalo. Mtoto maskini mwenye akili hana rafiki aliye imara kuliko msahihishaji asiyemjua. Kwa ajili hiyo hasa twadai mizani iwe sawasawa. Tajiri aliyepunjwa na mtihani atampeleka mwanawe shule nyingine, au ng'ambo. Maskini hana mizani ya pili.

Neno moja juu ya sifuri, maana limetukera muda mrefu. Pointi huhesabiwa katika masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, na F ni 5. Mwenye D mbili na F tano hupata pointi 33, akaandikiwa daraja la nne. Mwenye D moja na F sita hupata 34, akaandikiwa sifuri. D ile moja aliipata kwa haki. Labda ni ya Kiswahili, labda ya Jiografia, na labda aliipata huku akitembea kilomita nane kwenda shule na nane kurudi. Lakini katika neno la mwisho D hiyo imemezwa, na kijana ametiwa katika kapu moja na asiyepata kitu kabisa. Tena ameitwa kwa jina lisilo na kitu ndani yake. Kijijini halisemwi kuwa ni daraja la matokeo. Husemwa, fulani ni sifuri. Twajua kwamba Baraza halikukusudia hivyo. Lakini atungaye majina ya hadhara yampasa kujua yatatumikaje hadharani, na hatuoni kitu gani kingeharibika kama cheti na tangazo vingetaja kile kijana alichoweza, somo kwa somo, na kuliacha neno hilo.

Yote haya yangeweza kungoja kama mambo yangekuwa yametulia, lakini hayakutulia. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan huko Dodoma mwezi wa Januari 2025. Imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi, na katika sekondari imefungua njia mbili, mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Vijana wa kwanza wa amali waliingia kidato cha kwanza mwezi wa Januari 2024 katika shule zilizochaguliwa; kidato chao cha nne ni mwaka 2027. Hao sharti wapimwe kama wako tayari kwa kazi, na kipimo hicho chahitaji watu wa kukitunga kabla ya wakati wake.

Basi na waalikwe mafundi. Hatusemi maofisa wanaozungumza kwa niaba ya mafundi. Twasema seremala mwenye karakana, mwashi aliyejenga nyumba ambazo hazikupata ufa, fundi umeme ambaye Shirika la Umeme huikubali kazi yake. Waulizwe wanataka kijana aweze nini siku ya kwanza, na majibu yao yaandikwe na kutangazwa kwa wazazi na wanafunzi mapema, wala wasiyakute katika chumba cha mtihani. Mafunzo ya ufundi stadi katika nchi yetu yana desturi ya zamani ya kumjaribu fundi kwa kazi ya mikono yake, daraja kwa daraja, nayo yafaa kuazimwa. Kijana wa useremala apewe mbao, msumeno, randa, patasi na futi, aambiwe aunge miguu ya meza, na mafundi wawili wasiomjua waipime kazi hiyo kila mmoja peke yake. Hesabu ya mbao, kwa kila mtahiniwa na kwa kila shule, iingizwe katika makadirio ya fedha mapema. Isipoingizwa, siku itafika, mbao hazipo, na atapewa penseli aichore meza.